Matoleo ya Bastola Moja

Katika miaka yangu ya ualimu nimehakiki vitabu vya kiada, michezo ya kuigiza ya wanachuo, na maandalio ya masomo yasiyo na idadi. Sikupata kufikiri kwamba nikiwa na umri wa miaka 74 nitakaa mezani kuhakiki bastola. Lakini Agosti 2022, msimu wa kuchuma kahawa, watu wanne walivunja mlango wa jikoni nyumbani kwetu Mbinga, wakamfunga kamba mlinzi wetu na kumvunja mkono, wakachukua fedha nilizokuwa nimeweka kwa ajili ya kuwalipa wachumaji. Mke wangu alikaa sakafuni na taa ya kurunzi imemmulika usoni kwa muda ambao mpaka leo hataki kuutaja. Mlinzi yule, mzee mwenzangu, hawezi tena kuinua jembe. Kituo cha polisi kiko mbali, na usiku wa mvua njia ile haipitiki kwa gari. Basi nikaamua kuomba kibali cha kumiliki silaha, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kusoma kabla ya kununua, nikaanza kusoma.

Naanza na maelezo machache kwa msomaji asiyeijua silaha ninayoizungumzia. Inaitwa CZ 75. Wenzetu wa Kenya huiita Ceska, na magazetini mwao jina hilo limezoeleka. Ni bastola ya nusu-otomatiki inayotumia risasi za milimita 9, iliyobuniwa katika mji wa Uherský Brod, wakati huo ukiwa Chekoslovakia. Mbunifu wake mkuu alikuwa František Koucký, akisaidiana na ndugu yake Josef. Jambo lililonivutia ni kwamba mwaka 1969, František alipopewa kazi hiyo, alikuwa ndiyo kwanza amestaafu. Aliachiwa uhuru wa kubuni apendavyo tangu mwanzo hadi mwisho. Mstaafu akiachiwa uhuru, nadhani, huweka katika kazi moja yale yote aliyokatazwa kwa miaka thelathini.

Na kweli aliyaweka. Mpini wake unakaa mkononi kana kwamba umefinyangwa kwa udongo wa mfinyanzi. Magazini ya safu mbili ilibeba risasi 15 wakati bastola nyingi za Ulaya zilibeba 8. Tena hakuijenga kama wenziwe. Katika bastola nyingi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila risasi inapotoka, ambacho wauzaji hukiita slaidi, huifunika fremu kwa nje. Yeye alikifanya kiteleze ndani ya fremu, kama droo ndani ya meza. Wajuzi wanaisifu sana njia hiyo kwa sababu ya shabaha. Nitairudia droo hiyo baadaye, maana ndiyo iliyonishinda.

Jeshi la nchi yake halikuwa likitumia risasi za aina hiyo, kwa hiyo bastola ilitengenezwa kwa soko la nje. Isitoshe, hati zake za ubunifu zilisajiliwa kwa siri nyumbani, na matokeo yake ubunifu haukulindwa nje ya nchi. Waitaliano wakainakili, Waturuki wakainakili, Waswisi na Waisraeli nao wakajenga zao juu ya msingi wake. Lakini sitazungumzia nakala. Nataka kuzungumzia matoleo ya kiwanda chenyewe, maana mtu akiingia dukani na kusema anataka CZ 75, muuzaji atamuuliza: ipi?

Ya kwanza niliyoishika ilikuwa ya zamani, ya miaka ya 1980. Ilikuwa mali ya rafiki yangu marehemu, na tangu afariki ilikuwa imehifadhiwa polisi kama inavyotakiwa. Mjane wake aliniambia, "Shemeji, kama utaihitaji, afadhali iende kwako kuliko kwa mtu nisiyemjua." Nikaenda kituoni asubuhi moja ya mwezi wa Julai. Askari mtunza silaha aliniamkia, "Shikamoo Mwalimu," kisha akatoa bastola, akaondoa magazini, akanionyesha kwamba chemba ni tupu, akanikabidhi huku amesimama kando yangu.

Ama kweli ilikuwa kitu kizuri. Rangi imekwaruzika lakini chuma ni chuma tupu, uzito wake karibu kilo moja bila risasi. Hata magazini yake ilinipendeza: ukibonyeza kitufe haichomoki ikaanguka chini, kuna kipande cha chuma kinachoishika mpaka uivute mwenyewe kwa vidole. Vijana wanaoshindana kwa shabaha hukiona kasoro na hukinyoosha. Mzee anayeangusha miwani mara tatu kwa siku hawezi kukiona kasoro.

Askari akasema, "Koki, Mwalimu."

Nikashika chuma cha juu kwa mkono wa kushoto, nikavuta. Hakikutoka. Nikavuta tena. Vidole viliteleza juu yake kama juu ya kambale. Hapo ndipo nilipoielewa ile droo. Kwa kuwa chuma cha juu kimezama ndani ya fremu, sehemu inayobaki nje ya kushika ni nyembamba mno. Kijana hushika na kuvuta bila kuliwaza jambo hilo. Lakini mimi nina baridi yabisi kwenye viungo vya vidole, na Julai ya Mbinga, msomaji, siyo Julai ya Tanga. Nilipojaribu mara ya nne askari alitazama dirishani ili asinione. Nilimshukuru kwa adabu hiyo.

Jioni nilimweleza mke wangu. Akasema, "Baba Neema, kizibo cha soda kinakushinda, ndiyo ukoki bastola?"

Neno lile lilinichoma, lakini pia lilinipa kipimo. Tangu siku hiyo sikuendelea kusoma sifa za silaha kwa jumla. Nilisoma kila toleo kwa swali moja tu: linauchukuliaje mkono wangu?

Nilipokwenda Dar es Salaam kwa matibabu, nilipitia duka la silaha mara tatu. Mwenye duka, mwanajeshi mstaafu, alikuwa mvumilivu. Alinipa vijitabu vya matangazo vya Kiingereza, nikavisoma vyote hotelini. Nitavisemea neno moja: vimeandikwa kama ripoti ya shule ambayo hakuna mwanafunzi aliyefeli. Kila toleo ni bora. Hakuna panaposemwa, toleo hili tumelitengeneza kwa sababu lile la kwanza liliruhusu kosa fulani. Lakini matoleo mengi ni masahihisho, na mtu aliyezoea kusahihisha anaweza kukiona alichokiona msahihishaji.

Chukua herufi B. CZ 75 B ndiyo toleo linaloonekana kwa wingi, na magazini yake ya siku hizi hubeba risasi 16. Herufi hiyo inamaanisha kwamba ndani yake kimewekwa kizuizi cha pini ya kufyatulia. Pini haiwezi kufikia risasi mpaka triga ivutwe hadi nyuma. Bastola ikianguka sakafuni, haifyatuki. Ile ya marehemu rafiki yangu haina kizuizi hicho. Nililipa sahihisho hili alama zote. Baadhi ya wapiga shabaha hulalamika kwamba triga imekuwa nzito na ina mikwaruzo kidogo kuliko ya awali, na kiwanda chenyewe kimekiondoa kizuizi katika baadhi ya bastola zake za mashindano. Ni haki yao. Wao hawalali na bastola chumbani.

Lakini angalia sasa kosa ambalo B haikulisahihisha. Tuseme umekwisha kukoki na risasi iko kwenye chemba. Nyundo imetegwa nyuma. Una njia mbili. Ya kwanza ni kuiacha nyundo nyuma na kufunga sefti, yaani kile kijichuma cha pembeni. Ya pili ni kuishusha nyundo taratibu, ili risasi ya kwanza itoke kwa kuvuta triga kwa safari ndefu na nzito. Ajabu ni kwamba nyundo ikiwa chini, sefti ya bastola hii haifungiki kabisa, imetengenezwa kufunga nyundo iliyotegwa tu. Na ili kuishusha nyundo ni lazima uishike kwa kidole gumba, uvute triga, kisha uiteremshe kama mtu anayeteremsha ndoo kisimani. Triga ikiwa imevutwa, kile kizuizi kilichosifiwa kinakuwa kimejiondoa chenyewe. Maana yake ni kwamba ulinzi unakuacha katika nusu ya dakika ambayo unauhitaji kuliko wakati wowote.

Mwenye duka alinifundisha namna ya kujisaidia: nyundo ikianza tu kushuka, achia triga mara moja, na kizuizi kitarudi mahali pake. Nikamwomba tufanye jaribio. Tukahakikisha wote wawili kwamba bastola ni tupu, tukaielekeza kwenye sanduku la mchanga alilonalo kwa kazi hiyo, nikatoa penseli mfukoni na kuitumbukiza mtutuni, upande wa raba ukitangulia ndani. Penseli inaingia vizuri katika mtutu wa milimita 9. Nyundo ikiangukia pini kwa nguvu, penseli huruka nje. Ikishushwa salama, penseli haisogei.

Nilishusha nyundo mara 20. Penseli iliruka mara 3.

Nimetahini watu kwa zaidi ya miaka thelathini, na 17 kwa 20 ni alama ambayo ningempa mwanachuo kwa furaha. Niliiokota ile penseli ya tatu kutoka kwenye mchanga nikaiweka mfukoni, sikutaka kuendelea. Mjukuu wangu Baraka, mwenye miaka 8, analala chumba cha pili, na ukuta wa katikati ni wa matofali mabichi.

Hapo ndipo linapoingia toleo la BD. D ni ya kile kijichuma cha kushushia nyundo. Mahali ilipokuwa sefti pamewekwa kijichuma ambacho ukikibonyeza, nyundo inashuka yenyewe hadi kituo cha nusu, bila kidole kugusa triga na bila kizuizi kujiondoa. Niliirudisha penseli mtutuni. Mara 20, na penseli haikutikisika hata mara moja. Wanaoipinga BD husema kwamba imemnyima mtu uhuru wa kutembea na nyundo iliyotegwa na sefti imefungwa, kwa kuwa sefti haipo tena. Ni kweli imemnyima. Kwa maoni yangu mbunifu aliyeifanya hivyo alimfikiria mtu aliyeamshwa usingizini, moyo ukimdunda, mikono ikitetemeka kwa hofu au kwa uzee, akaona huyo hahitaji njia mbili za kuchagua.

Matoleo mengine nitayapitia upesi. CZ 85 ni ndugu wa 75 aliyewekewa vijichuma pande zote mbili kwa ajili ya wenye kutumia mkono wa kushoto. Kwangu haiongezi kitu, maana mikono yangu yote miwili imekubaliana kuniangusha. Toleo dogo, Compact, nililipenda kwa macho. Kisha nikashika P-01, ambayo ina fremu ya alumini na kijichuma cha kushushia nyundo, na ambayo polisi wa Jamhuri ya Czech waliichagua mwaka 2001. Hii ina uzito wa takribani gramu 800 na inaingia mfukoni mwa koti. Nilidhani nimefika. Bastola nyepesi kwa mkono dhaifu, si ndiyo akili ya kawaida inavyosema?

Akili ya kawaida ilinidanganya. Bastola ikifupishwa, chuma cha juu kinakuwa kifupi na chepesi, na ili kiweze kusimamisha nguvu ileile ya risasi ileile hutiwa springi ngumu zaidi. Mahali pa kushika napo panapungua. P-01 ilikuwa ngumu kukoki kuliko ile ya kilo moja. Na tulipokwenda uwanja wa shabaha, nilipofyatua risasi 5, teke lake lilipanda hadi kiwikoni, ambapo chuma kizito cha BD kililimeza teke hilo kabla halijanifikia. Kwa askari anayetembea nayo kutwa kiunoni, P-01 ni kazi nzuri sana. Mimi natembea kutoka kitandani hadi mlangoni.

Kijana msaidizi wa duka alinisukumia P-10 C, ya mwaka 2017, ya plastiki, isiyo na nyundo ya nje wala sefti ya kufunga kwa kidole. Ulinzi wake wa nje ni kijiulimi kilichomo kwenye triga yenyewe. "Mzee, hii ndiyo ya kisasa, wewe unavuta tu," alisema. Nilimjibu kwamba hilo la kuvuta tu ndilo linalonitia hofu. Sikusema ni silaha mbaya, ila nilimwambia kwamba nyumbani kwangu kuna mtoto anayefungua kila kinachofunguka, kuanzia redio hadi saa ya ukutani.

Basi, hukumu yangu ni BD, ya chuma, ya ukubwa kamili. Naitoa bila kusita. Lakini mhakiki mwaminifu hana budi kuonyesha pia mahali ambapo hukumu yake inapwaya, na yangu inapwaya hapa.

Ubora wote wa BD unahusu bastola iliyo na risasi kwenye chemba. Kama chemba ni tupu, nyundo haina haja ya kushushwa kwa hadhari, na B na BD huwa sawa. Sasa, je, niweke risasi kwenye chemba? Mkono wangu unasema ndiyo, kwa sababu saa nane za usiku katika baridi siwezi kuwa na uhakika wa kukoki. Nyumba yangu inasema hapana, kwa sababu ya Baraka. Na asinidanganye mtu kwamba triga ndefu na nzito ya risasi ya kwanza itamzuia mtoto. Mtoto wa miaka 8 akishindwa kwa kidole kimoja hutumia viwili, na akishindwa kwa viwili hugeuza bastola na kuvuta kwa vidole gumba, mtutu ukimwelekea mwenyewe. Nilimwona akifungua kopo la siagi kwa namna hiyohiyo.

Nilimweleza mwenye duka jambo hili. Akafikiri, kisha akanionyesha siri ndogo ambayo sikuikuta katika kijitabu chochote. Tega nyundo kwanza kwa kidole gumba, ndipo uvute chuma cha juu. Ukivuta nyundo ikiwa chini, unapambana na springi mbili kwa pamoja, ya nyundo na ya chuma cha juu. Ukiitega kwanza, unabaki na moja. Nilijaribu, na chuma kilichonishinda Mbinga kilirudi nyuma. Nilifanya mara 10, nikafaulu mara 9. Nilifurahi kama mtoto. Halafu nikakumbuka kwamba nilikuwa Dar es Salaam, mwezi wa Februari, na fulana imenilowa mgongoni.

Safari ya mwisho nilikwenda na mke wangu, aliyekuwa na miadi ya macho. Alikaa kwenye kiti cha duka na mkoba mapajani. Mwenye duka, kwa heshima, akamuuliza kama naye angependa kuijaribu. Mama Neema alikuwa muuguzi kwa miaka 34, amegeuza wagonjwa vitandani maisha yake yote. Alitega nyundo, akavuta, chuma kikaenda hadi mwisho na kubaki hapo. Akaiweka mezani taratibu, mtutu ukielekea ukutani.

"Kwa hiyo mwenye kuishika ni mimi," akasema. "Mbona hukuniuliza kama nataka?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimehakiki mikono miwili tu katika nyumba yenye mikono sita.

Akauliza bei. Akatajiwa, pamoja na bei ya kabati la chuma la kuihifadhia. Akauliza tena, kwa fedha hiyo fundi angeweza kutengeneza milango mingapi ya chuma. Mwenye duka akacheka, akasema hiyo si biashara yake, lakini mlango wa jikoni na wa mbele, pamoja na nondo za madirisha, bila shaka vingepatikana na chenji ikabaki.

Milango iliwekwa mwezi wa Oktoba. Hukumu yangu kuhusu matoleo sijaibadili, na mjane wa rafiki yangu nimemweleza kwa nini ile ya marehemu hainifai. Fomu ya maombi iko kwenye droo ya meza hii ninayoandikia. Mstari wa aina ya silaha nimeujaza kwa wino: CZ 75 BD. Saini ya mtendaji wa kijiji bado, na Mama Neema hajasema ndiyo wala hapana.